Ngazi Husafishwa Kutoka Juu

Hagsätra, Stockholm
14 Januari 2007

Dada Dafrosa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, na baridi haijambo kutushinda sisi. Wifi yako Madeleine mgongo umempa nafuu. Dieumerci ametimiza miaka kumi na mmoja, anavaa viatu namba thelathini na tisa, na nikimsemesha kwa lugha yetu ananijibu kwa Kiswidi "jaha", yaani kumbe. Kazi yangu inakwenda. Nilianza na ndoo moja na ngazi za jengo moja. Leo nina wafanyakazi tisa na majengo thelathini na manne, na hakuna aliyenishika mkono. Hilo nataka lijulikane.

Hii ni barua yangu ya tatu tangu Septemba. Zako ni sifuri. Silalamiki, nahesabu tu.

Jambo lenyewe ni jema. Mkutano wetu wa Hallunda umenipa mimi kazi ya kuita. Tuko watu kumi na saba, tumekodi chumba cha chini ya jengo, ukutani tunapakana na chumba cha kufulia cha wapangaji, kwa hiyo tunasali sisi na mashine. Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya kukaa kimya, yanaitwa majina ya ndugu wote wa mlima wetu walioko huko, mmoja mmoja, na mtu anamwitikia kila mmoja: "Yupo." Tangu serikali iwapige marufuku huko kukutana, kwa kuwa fomu ya kuandikisha dini ina nafasi ya jina la kiongozi na sisi Watu wa Mwito hatuna kiongozi, kuita kumebaki juu yetu huku.

Bibi Maombi aliifanya kazi hiyo miaka minane kwa kichwa chake tu. Nilimkagua. Anasahau watu kumi na mmoja. Asiyeitwa siku arobaini kwetu ni marehemu na anapikiwa uji. Kwa hiyo mama yule, bila ubaya wowote, alikuwa ameshaua watu kumi na mmoja, na mmoja wao tunajua wiki iliyopita amenunua mbuzi.

Mimi nimeandika kitabu. Majina sitini na matatu, kila mtu na jina la baba yake na mahali anapokaa, ili Olive wawili wasigombane. Nimeyapanga kama tunavyosafisha ngazi: kutoka juu kwenda chini, kwani anayeanza chini atakuja kukanyaga kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo naanza kwenye mnara wa simu kileleni nateremka hadi mtoni. Shemeji Alphonse ni namba moja, nimemwandika karakanani kwake mnarani, kwa sababu analala zaidi kule na mbao zake kuliko anavyolala kwako. Wewe, huko mtoni, ni namba sitini na moja.

Sheria nimeiacha ileile: anayeitika lazima awe amekula nyumbani kwa anayeitwa. Tuna mtu mmoja mpya, Bwana Térence, mwenyeji wa mji mkuu, ana koti zuri, hajala kwa mtu yeyote wa mlima wetu kwa hiyo haitiki. Lakini ndiye peke yake anayefika saa tisa kamili. Huweka simu yake mezani ili aone saa.

Nitumie majina ya ndugu wapya, pamoja na mahali. Usiandike "jirani ya fulani".

Mdogo wako,
Urbain

*

Nyumbani, mtoni
25 Februari 2007

Mdogo wangu, Baba Dieumerci,

Nimepokea barua yako ya tatu. Ya kwanza na ya pili sijaziona, kwa hiyo wewe mwenye hesabu zipunguze.

Hapa mvua imekuja vizuri. Mbuzi wa kahawia amezaa pacha. Bati la jikoni limeng'oka pembe moja, nimeliwekea jiwe. Shemeji yako Alphonse amesafiri kikazi tangu tarehe kumi.

Simu yangu nimempa mtoto wa jirani aichezee, usihangaike kupiga. Barua nitazipitisha kwa Domina muuza vitenge, anayevuka mpaka, kama hii.

Majina mapya sina. Umesema kitabu chako ni kizuri na kimejaa. Nimefurahi. Huyo Bibi Maombi naye umpe salamu zangu, na wale kumi na mmoja aliowasahau, Mungu azidi kuwaficha.

Msalimu wifi. Mgongo usugue kwa mafuta ya moto.

Dada yako,
Dafrosa

*

Hagsätra
9 Aprili 2007

Dada Dafrosa,

Tunakusalimu. Leo ni Jumatatu ya Pasaka, watu wa hapa hawafanyi kazi, mimi nimefanya nusu siku. Madeleine amejisugua mafuta, sasa nyumba nzima inanuka kama karanga.

Barua yako ilifika imefunguliwa, kisha ikafungwa kwa gundi bora kuliko yako. Kwa hiyo nawasalimu na wanaosoma.

Shemeji amesafiri kikazi. Dada, namfahamu Alphonse miaka kumi na tisa. Ni fundi seremala. Kwa miaka kumi na tisa amesafiri mara moja, kwenda kung'olewa jino, akarudi nalo. Sikuulizi. Lakini kama mtu anasafiri, mwenzake huandika alikokwenda, na wewe umeniandikia habari za bati.

Nilikwenda ubalozini kwa ajili ya pasi yangu ya kusafiria, inakwisha Mei. Unajua nilikuja kwa kusomea ufundi, sikuja kama mkimbizi, kwa hiyo pasi ya nyumbani ndiyo miguu yangu. Afisa alikuwa mtu wa adabu, akanipa chai. Halafu akanipa karatasi ya kusaini: kwamba mimi si wa Watu wa Mwito, na kwamba simjui hata mmoja wao. Nikamwambia nusu ya pili hiyo ningeweza kuisaini nikiwa nimelewa, bahati mbaya sinywi. Akacheka. Akasema, "Bwana Urbain, pasi bila karatasi hii haitoki. Lakini hongera, una sauti nzuri sana ukiita."

Nilifurahi njia nzima kwenye treni. Hagsätra ni kituo cha mwisho. Nilipofika ndipo nikajiuliza ameisikia wapi.

Nimechukua hatua. Chumba chetu kina dirisha moja dogo usawa wa barabara, mtu anaweza kusimama nje akasikia. Jumamosi nililiziba kwa kadibodi tabaka tatu. Bwana Térence alinishikia ngazi.

Kuhusu pasi, nimekwenda kwa mwanasheria mmoja wa hapa. Nikamweleza kwamba ubalozi unatusikiliza. Akauliza kimeibwa nini. Nikasema majina. Akatafakari, akasema majina si mali. Nilimshukuru. Nitaomba pasi ya wageni ya serikali ya hapa, inachukua miezi.

Niandikie habari. Habari, dada, si bati.

Urbain

*

Nyumbani, mtoni
3 Juni 2007

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mbuzi pacha wanaruka. Bati limetengenezwa, kwa kuwa umelichukia.

Umeomba habari. Hapa watu wamependa sana kusafiri mwaka huu. Karibu kila wiki anasafiri mmoja. Baada ya Alphonse alisafiri Nestori wa chini ya mnara. Halafu Olive binti yake. Halafu Ezekia fundi baiskeli, halafu mama mkwe wa Ezekia ambaye hata kutembea hawezi, alibebwa. Halafu Olive yule mwingine, mke wa mwalimu. Wamefuata Gaspari, Yosia na mkewe, Damari, Filipo mrefu, wale kaka wawili wa shamba la kahawa, na juzi Heshima wa njia panda. Jumla kumi na wanne. Hakuna aliyeaga wala aliyerudi. Chifu anasema wamekwenda kusoma uraia.

Nimewapanga kwa jinsi walivyosafiri, wa kwanza kwanza, kwa kuwa najua wewe unapenda mpangilio. Wasome vizuri na uwaombee safari njema.

Jambo moja linanishangaza. Lori linalowasafirisha hutoka barabarani, na barabara iko huku chini kwangu. Hunipita mlangoni, likapanda hadi juu.

Msalimu Madeleine. Mtoto akisema "jaha", mwambie shangazi amesema naye ajibu kwa mdomo mzima.

Dafrosa

*

Hagsätra
15 Julai 2007

Dada,

Leo sisalimu. Nimemwomba Domina kwa simu, barua hii aishone ndani ya pindo la kitenge. Ukiipata, fumua taratibu na uisome peke yako.

Barua yako imenifikia Alhamisi. Nimeiweka mezani, na kitabu changu pembeni yake. Alphonse, moja. Nestori, mbili. Olive binti Nestori, tatu. Nimeteremka hivyo hadi Heshima wa njia panda. Kumi na wanne kati ya kumi na wanne. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyetangulia.

Mtu mwenye lori na akili zake angeanza na wewe. Mpango wa kutoka mnarani kushuka mtoni hauko katika orodha ya chifu, haumo kwenye karatasi yoyote ya serikali, na si wa alfabeti. Ni wa mtu anayesafisha ngazi. Duniani uko mahali pawili: kwenye kitabu, ambacho hakijatoka koti langu hata siku moja, na kwenye mdomo wangu, Jumamosi saa tisa.

Chumbani tuko kumi na saba. Anayeweka simu mezani ni mmoja. Kadibodi nilibandika upande usiofaa wa chumba.

Sasa hesabu. Wanachukua mtu mmoja kwa wiki, wakati mwingine wanapumzika. Wewe ukiwa namba sitini na moja una karibu mwaka mzima, na najua utaniambia basi hakuna haraka. Dada, haraka ni ya namba kumi na tano. Barua hii kila wiki inayokaa njiani inagharimu mtu mmoja. Nimempigia Domina, anavuka kwenu mwisho wa mwezi, hata nimlilie. Nimemlilia. Anavuka mwisho wa mwezi.

Fanya hivi. Siku utakayoisoma, usianze na jirani zako wa mtoni. Panda juu. Mtafute wa kwanza aliyebaki, mteremke naye, na kila nyumba mnayopita ichukueni. Mtakapofika kwako mtakuwa wote, na mto wa mpakani uko hapo. Vukeni pamoja. Msimwache wa mwisho abaki kufunga mlango.

Huku nimepata ugonjwa wa koo. Sina ugonjwa wa koo. Nimemwambia Bwana Térence kwamba kuita kumesimama hadi nipone. Lakini siku arobaini hazingoji koo la mtu, na Bibi Maombi ameshaniuliza kama nataka apike uji wa watu sitini na watatu wazima. Nikapendekeza tuite kwa namba. Akaniambia, "Wewe Urbain, Mungu hakuumba majengo." Basi nimeandikisha zamu ya kufulia, Jumamosi saa nane. Tunaingia wawili, mimi na yeye, na mashuka. Mashine ikianza kukamua naita majina kumi na sita kwa haraka, ikipumzika tunapumzika, ikikamua tena naendelea. Kwa mizunguko minne tunamaliza. Mashuka yetu hayajawahi kuwa safi hivi.

Kuna neno unalingoja kutoka kwangu. Najua. Alphonse mimi ndiye niliyemwandika karakanani, ungemwandika wewe ungemwandika nyumbani. Neno lenyewe haliwezi kumvusha mtu mto, kwa hiyo nimeacha nafasi yake niandike lile la kwamba mpande juu kwanza.

Urbain

*

Ng'ambo ya mto, kambini
26 Agosti 2007

Mdogo wangu Urbain,

Salamu nyingi, kwako na kwa wifi na kwa mtoto. Mimi mzima, magoti tu. Mbuzi nimewaacha, pacha mmoja alitufuata hadi majini akarudi.

Kitenge kilifika tarehe mbili. Kilikuwa kibaya, Domina ana macho ya kuchagua vibaya. Nilifumua, nikasoma, nikapanda.

Walikuwa wamefika ishirini na mbili. Wa ishirini na mbili alichukuliwa asubuhi ileile, nilipishana na lori kwenye mteremko, nikawapungia mkono nao wakanipungia. Namba ishirini na tatu ni Samweli kiziwi. Nilitumia robo saa kumweleza kwa vidole kwamba serikali imemsikia. Alicheka sana, kisha akachukua blanketi.

Tumevuka arobaini na mmoja. Jumlisha na wale, inakutolea sitini na watatu. Nimekuhesabia ili usinisumbue.

Hapa tumepewa mahema. Kila asubuhi afisa wa kambi husimama na karatasi na kuita majina yetu, nasi tunaitika wenyewe, "Nipo," tunapewa unga. Samweli tunamgusa bega. Siku ya kwanza watu wetu walilia, afisa akadhani unga ni mdogo.

Sasa sikiliza. Mashuka yako yatosha. Sisi arobaini na mmoja tumeshaitwa na tumeshaitika, tuondoe kwenye mashine. Lakini wale ishirini na wawili waite. Waite chumbani, mbele ya kila mtu, kwa jina zima na jina la baba na mahali. Unaogopa nani atajua wanapokaa? Waliowachukua wanapajua kuliko wewe. Iweke hiyo simu katikati ya meza, na useme kwa ile sauti waliyokusifia.

Alphonse hajaandika. Chifu alipoulizwa alisema hakuna mtu wa jina hilo. Anzia kwake.

Dada yako,
Dafrosa

*

Hagsätra
14 Oktoba 2007

Dada Dafrosa,

Tunakusalimu wewe na wote arobaini. Madeleine anatuma fulana na soksi kwa njia ya Domina, na safari hii kitenge amechagua yeye. Pasi ya wageni nimepata. Ni ya kijivu, inasema naweza kwenda nchi zote duniani isipokuwa yetu. Dieumerci ameisoma akasema, "Lakini baba, ndiyo nchi moja unayotaka." Alisema kwa lugha yetu. Makosa mawili tu.

Mambo ya mwito ni haya. Barua yako niliwasomea watu wote bila Térence. Wengine walitaka afukuzwe. Nikawauliza: tukimfukuza huyu wataleta mwingine, tutamjuaje? Na yeye pengine atakuwa anachelewa. Tukakubaliana abaki. Tukakubaliana pia kwamba hawa ishirini na wawili sisi hatutawaitikia. Aitikie aliyewachukua.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa tarehe sita. Térence alifika saa tisa kamili, akaweka simu pembeni mwa meza. Niliisogeza katikati. "Ili uone saa vizuri," nikamwambia. Akasema, "Asante, mzee." Koo langu likawa limepona. Nikaita: "Alphonse, mwana wa Yeremia, wa karakana ya mnarani, aliyechukuliwa tarehe kumi Februari." Hakuna aliyeitika. Nikahesabu kumi kimoyomoyo, nikaenda kwa Nestori. Hivyo hadi ishirini na mbili. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anafua. Térence alitazama meza muda wote, na alipoondoka alisahau koti lake zuri, akarudi kulichukua.

Jana ilikuwa Jumamosi ya pili. Alikuja na karatasi, ndogo, imekunjwa mara nne. Sijui aliiomba kwa nani, wala kama aliyempa anajua alichokuja kuifanyia. Simu hakuiweka mezani.

Nikaita Alphonse. Térence akafungua karatasi, akatazama, akanyamaza. Nikahesabu kumi.

Nikaita Nestori. Akasema, "Yupo."

Bibi Maombi aligeuka akamwambia, "Wewe umekula kwake lini?" Nikamwomba mama anyamaze. Nikaita Olive binti Nestori. "Yupo." Mama mkwe wa Ezekia, yule aliyebebwa. "Yupo, anaumwa." Niliita taratibu, kila jina nikimngoja atafute kwa kidole. Tumekwenda hivyo hadi mwisho.

Ameitika mara ishirini na moja.

Nilirudi namba moja. Nikaita tena, jina zima, mwana wa Yeremia. Térence akaikunja karatasi yake, mara moja, mbili, tatu, nne, akaiweka mfukoni. Basi niliitika mimi. Mimi nimekula kwake.

Baadaye alibaki kukunja viti. Hajawahi kukunja kiti.

Waambie wenye watu wao, nimekuandikia orodha ya ishirini na mmoja kwenye ukurasa wa pili, kwa alfabeti.

Mdogo wako,
Urbain

*

Kambini
18 Novemba 2007

Mdogo wangu,

Soksi zimefika, fulana zimefika. Mwambie wifi kitenge hiki ni kizuri, sitakifumua tena bila sababu. Mtoto nimemsikia, makosa mawili si mengi.

Orodha nimewasomea. Hema zima lilikuwa kelele, Samweli alidhani kuna moto. Nestori amezaliwa mpwa hapa kambini, mkewe Gaspari ameanza kufuma sweta la saizi aliyoondoka nayo. Wanakushukuru.

Umeandika kwamba kwa Alphonse uliitika wewe. Nimeelewa hesabu. Uji nimepika jana, unga tulichanga, tulikunywa wote. Na ile nafasi uliyoacha katika barua ya Julai, nimeisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

Bibi Maombi atakuambia marehemu haitwi. Mwambie mimi nimesema aitwe mpaka mwenye karatasi aseme kwa mdomo wake walimlaza wapi. Mpaka hapo ni namba moja.

Lakini jambo moja. Wewe umekula kwa Alphonse mara ngapi? Kumi, tuseme ishirini, na ulikuwa unachagua nyama. Mimi nimekula naye miaka kumi na tisa. Saa yenu tisa ni saa yetu kumi na moja, jua linakuwa limeinamia mtoni na unga umeshagawiwa, sina kazi. Jumamosi ukishamwita usiitike haraka. Hesabu zile kumi zako.

Ndani ya hizo kumi nitakuwa nimeitika.

Dada yako,
Dafrosa